Nyumba za Umma na za Jamii kwa Waaborijini wa Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unawalenga wasomaji wa Kiswahili walioko Australia: wakalimani, wafanyakazi wa huduma za jamii, na familia zilizooana na Waaborijini au na Watu wa Visiwa vya Torres Strait. Sheria za upangaji huko hutungwa na kila jimbo, kwa hiyo jibu lililo sahihi Sydney linaweza kuwa kosa Darwin. Mifano mingi hapa ni ya New South Wales. Pale jimbo jingine linapohusika, limetajwa.

## Misingi

1. Nyumba ya umma na nyumba ya jamii zinatofautianaje?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, "nyumba ya serikali" huleta picha ya kota za watumishi, au majengo ya National Housing. Australia ni kitu kingine: ni nyumba ya mtu wa kipato kidogo, awe ameajiriwa au la, na kodi yake hupangwa kwa kuangalia kipato. Wenye nyumba ni wa aina nne.

Kwanza ni jimbo lenyewe. New South Wales, nyumba hizo husimamiwa na Homes NSW. Pili ni nyumba za jimbo zilizotengwa kwa Waaborijini na Watu wa Torres Strait; New South Wales zipo chini ya Aboriginal Housing Office, au AHO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Tatu ni mashirika ya nyumba za jamii, yasiyotafuta faida, yanayompokea mpangaji yeyote anayetimiza masharti. Nne ni mashirika ya Waaborijini wenyewe, kama Aboriginal Housing Company ya Redfern, Sydney, iliyoanzishwa 1973, Aboriginal Housing Victoria, na mabaraza ya ardhi ya mitaa, yaani vyombo vya Waaborijini vinavyomiliki ardhi kwa niaba ya jamii zao.

Kabla ya kumshauri mtu lolote, soma mkataba wake uone mwenye nyumba ni nani. Jibu la karibu kila swali lililo chini hubadilika kutokana na hilo. Usiridhike na nembo iliyo kwenye barua: nyumba inaweza kuwa mali ya AHO lakini kodi ikakusanywa na shirika jingine.

2. Kwa nini kuwe na nyumba za Waaborijini peke yao? Huo si ubaguzi?

Kisheria si ubaguzi. Sheria ya Australia ya mwaka 1975 inayokataza ubaguzi wa rangi inaruhusu hatua maalumu za kuliwezesha kundi lililoachwa nyuma.

Sababu zenyewe ziko kwenye historia. New South Wales ilikuwa na bodi ya "kuwalinda" Waaborijini tangu 1883, na iliyoirithi ilivunjwa 1969 tu. Bodi hizo zilikuwa na mamlaka ya kuamua nani akae kwenye kambi za hifadhi na nani afukuzwe, na wakaguzi wao waliingia majumbani. Ukimwona bibi wa miaka 75 akikataa kumfungulia afisa wa nyumba mlango, kumbuka kwamba amekua chini ya utaratibu huo.

Hesabu za leo zinaonyesha kilichobaki. Mwaka 2021 Waaborijini na Watu wa Torres Strait walikuwa asilimia 3.8 ya wakazi wa Australia. Katika sensa ya mwaka huohuo, kati ya watu 122,494 waliohesabiwa kuwa hawana makazi, 24,930 walikuwa wa kundi hili, yaani mmoja kati ya watano. Wengi wao, karibu asilimia 60, hawakuwa wakilala barabarani. Walikuwa ndani ya nyumba zilizofurika watu kupita kiasi. Ndiyo maana msongamano unachukua nafasi kubwa katika ukurasa huu (maswali ya 14 na 15).

3. Mwaborijini analazimika kuomba nyumba za Waaborijini tu?

La. Anaweza kuomba zote kwa pamoja, na kwa kawaida inamfaa kufanya hivyo.

## Kuomba nyumba

4. Ombi linapelekwa wapi?

New South Wales kuna mfumo mmoja uitwao Housing Pathways. Ombi moja linakuingiza kwenye daftari la nyumba za umma, za AHO, na za mashirika ya jamii yanayoshiriki. Unaweza kuomba mtandaoni, ofisini, au kwa simu 1800 422 322. Asiye na pa kulala usiku wa leo asianzie huko: apige Link2home, 1800 152 152, inayofanya kazi saa 24.

Jambo ambalo wengi hulikosa: mabaraza mengi ya ardhi na mashirika madogo ya Waaborijini yana orodha zao wenyewe zisizounganishwa na Housing Pathways. Baraza la ardhi la mtaa wako likiwa na nyumba 20 za kupangisha, jina lako halitafika huko lenyewe. Andika barua ya pili.

5. Masharti ya msingi ni yapi?

Kwa jumla uwe raia au mkazi wa kudumu, uwe unaishi New South Wales, uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, kipato cha kaya kisizidi kiwango, usiwe na nyumba au ardhi inayoweza kukutatulia shida, na uonekane unaweza kutunza upangaji, kwa msaada ikibidi. Viwango vya kipato hurekebishwa, kwa hiyo usitumie karatasi ya mwaka juzi.

Deni la upangaji wa zamani halimfungii mtu mlango moja kwa moja, ila atatakiwa kuonyesha kwamba analilipa. Makubaliano ya kulipa hata dola 10 kwa wiki, yaliyoandikwa na kutekelezwa, yana uzito kuliko barua tatu za kueleza matatizo.

6. Niandae hati gani?

Kitambulisho cha kila mtu wa kaya. Taarifa ya kipato na mali kutoka Centrelink, ofisi ya serikali kuu inayolipa posho, au hati za mshahara. Taarifa za benki. Uthibitisho wa ukazi au viza. Uthibitisho wa Uaborijini kama unaomba nyumba za AHO. Kama unataka kipaumbele, barua za kuthibitisha hali yako: daktari, polisi, shule, huduma ya watoto, au mwenye nyumba anayekutoa.

Barua ya daktari isemayo "mgonjwa huyu anahitaji nyumba bora" haisaidii kitu. Inayosaidia hutaja ugonjwa, hutaja nyumba ya sasa inavyouzidisha, na hutaja kinachohitajika. Mfano: "Mtoto amewahi kupata homa ya baridi yabisi ya moyo, analala chumba kimoja na watu wengine wanne, anahitaji kupunguziwa msongamano na bafu lenye maji ya moto." Homa hiyo hutokana na maambukizi ya bakteria ambayo husambaa kwa urahisi watu wanapolala wamebanana, na kila inaporudi inaweza kuharibu zaidi vali za moyo. Afisa anayesoma barua ya namna hiyo anajua aiweke wapi.

7. Uthibitisho wa Uaborijini unapatikanaje?

Kigezo kinachotumika kina sehemu tatu: uwe wa ukoo wa Kiaborijini au wa Torres Strait, ujitambulishe hivyo mwenyewe, na jamii unamoishi au uliyowahi kuishi ikutambue. Rangi ya ngozi haimo. Mtoto wa baba Mkongo na mama wa Kiwiradjuri, moja ya jamii za Waaborijini wa New South Wales, ni Mwaborijini kama watoto wengine wa mama huyo.

Hati yenyewe ni barua yenye muhuri rasmi wa shirika la Waaborijini, aghalabu baraza la ardhi au shirika la afya. Kinachochelewesha ni kwamba mashirika mengi hupitisha barua hizo kwenye kikao cha bodi, na vikao huahirishwa, hasa jamii inapokuwa na msiba. Omba barua kabla ya kuanza kujaza fomu ya nyumba.

Wenye kupata shida zaidi ni wajukuu wa watoto walioondolewa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao. Hawana jamii ya kuwatambua kwa sababu serikali ndiyo iliyowakatia uzi huo. Link-Up NSW, inayofanya kazi hiyo tangu 1980, husaidia kutafuta kumbukumbu na ndugu. Wakati utafutaji unaendelea, waombe nyumba za umma za kawaida, ambazo hazidai barua hiyo.

8. Mimi natoka Burundi, mke wangu ni Mwaborijini. Nani aombe?

Mke. Uthibitisho ni wake, na ombi likiwa kwa jina lake kaya yote inazingatiwa. Wewe utaorodheshwa kama mwanakaya, na kipato chako kitahesabiwa, hata kama viza yako ni ya muda. Usikifiche: kipato kikigundulika baadaye, kodi hukokotolewa upya kuanzia nyuma na deni huangukia aliyesaini mkataba, yaani yeye.

Mkiachana, kwa kawaida nyumba hubaki kwa mwenye mkataba. Kama ni nyumba iliyotengwa kwa Waaborijini na watoto wanabaki kwako, zungumza na washauri wa swali la 22 kabla hujahama au kusaini chochote, kwa sababu watoto nao ni Waaborijini na hilo linaweza kubadilisha mambo.

9. Nitasubiri muda gani?

Jimbo huchapisha muda wa kukadiria kwa kila eneo na idadi ya vyumba. Maeneo mengi ya Sydney yameandikwa zaidi ya miaka 10 kwa foleni ya kawaida. Kwa hiyo kinachohitaji jasho ni kuonyesha kwamba unastahili kipaumbele.

Mambo matatu huangaliwa: hitaji ni la haraka, hali ya sasa ina hatari au haivumiliki, na huwezi kujitatulia kwenye soko la nyumba za kupanga. Hilo la tatu ndilo huangusha wengi. Watu huleta ushahidi wa shida lakini hawaleti ushahidi wa kutafuta. Weka daftari dogo: tarehe, anwani, kodi iliyotakiwa, jibu la wakala. Nyumba nyingi ulizokataliwa katika mwezi mmoja ni hoja yenye nguvu, zaidi kama ulikuwa na barua ya kuajiriwa mkononi.

Kuhusu eneo, ukichagua finyu unasubiri zaidi, ukichagua pana unaweza kupewa mji usio na ndugu. Kwa familia za Kiaborijini kuwa mbali na nchi ya ukoo na walezi wa watoto ni hasara halisi, basi tusiwasukume wapanue eneo kwa ajili ya kufupisha foleni tu.

10. Ombi langu limefungwa na sikuambiwa. Kwa nini?

Karibu kila mara ni barua isiyojibiwa. Ofisi huwasiliana na waombaji kuuliza kama bado wanahitaji nyumba, asiyejibu anaondolewa. Mtu anayelala kwa shangazi wiki hii na kwa binamu wiki ijayo, mwenye laini ya simu inayobadilika, hiyo barua haioni.

Sajili mtu wa pili wa kuwasiliana naye, mwenye anwani isiyohama: kliniki, shirika la kisheria, au bibi. Kama limeshafungwa, omba lifufuliwe kwa tarehe ya zamani na ueleze ulikuwa wapi. Usijaze ombi jipya haraka haraka. Unaweza kuipoteza miaka uliyokwisha kusubiri.

11. Nikiikataa nyumba niliyopewa itakuwaje?

Ukikataa nyumba inayohesabiwa kuwa inafaa, unaweza kutolewa kwenye daftari. Ila si kila ofa inafaa. Sababu zinazokubalika ni kama ugonjwa unaohitaji hospitali fulani, mtu aliyekupiga kuishi mtaa huo, ngazi kwa mwenye ulemavu, au sababu za kimila, kwa mfano uhasama kati ya koo au kifo kilichotokea ndani ya nyumba hiyo. Zitaje kwa maandishi siku ileile, na ikiwezekana uambatanishe barua ya mzee au shirika. Usipokubaliwa, omba uamuzi upitiwe ndani ya ofisi, kisha nenda Housing Appeals Committee, ambayo ni huru.

## Kodi

12. Kodi inahesabiwaje?

Kila nyumba ina kodi ya soko. Mpangaji wa nyumba ya umma huomba ruzuku, na akishapewa hulipa asilimia 25 hadi 30 ya kipato cha kaya kinachohesabiwa, na asilimia 15 ya malipo ya familia ya Family Tax Benefit.

Tuseme mama ana kipato cha dola 800 kwa wiki na malipo ya familia ya dola 200. Robo ya 800 ni 200. Asilimia 15 ya 200 ni 30. Atalipa dola 230. Kama kodi ya soko ni 520, ruzuku yake ni 290.

Tofauti hiyo ya 290 ndiyo mtego. Ruzuku hupitiwa mara mbili kwa mwaka, na mabadiliko ya kipato au ya watu wa kaya hutakiwa kuripotiwa ndani ya siku 28. Asipojibu fomu ya mapitio, ruzuku hufutwa na anaanza kudaiwa 520. Wiki nane baadaye ana deni la dola 2,320, na barua ya kwanza anayoifungua ni ya kumtaka ahame. "Kodi imepanda ghafla" kwa kawaida maana yake ni hii. Peleka hati za kipato mara moja na uombe ruzuku irudishwe kuanzia siku ilipofutwa. Mara nyingi deni hupungua sana au huisha.

13. Mbona shirika la jamii linanitoza zaidi kuliko jirani wa nyumba ya umma?

Kwa sababu ya msaada wa kodi wa serikali kuu, Commonwealth Rent Assistance. Mpangaji wa nyumba ya umma kwa kawaida haupati, wa shirika la jamii anaupata, na shirika huuchukua wote juu ya ile asilimia ya kipato. Mfukoni mnabaki sawasawa, mradi umeudai Centrelink. Usipoudai, shirika huhesabu kama vile unao, na pengo unalijaza mwenyewe. Siku unaposaini mkataba, peleka cheti cha kodi Centrelink siku hiyohiyo.

Northern Territory nyumba za vijijini mbali zina utaratibu tofauti kabisa: tangu 2023 kodi ni dola 70 kwa kila chumba cha kulala kwa wiki, bila kuangalia nani analala humo.

## Kuishi ndani ya nyumba

14. Ndugu wamekuja kukaa. Niripoti?

Mgeni akizidi siku 28 New South Wales, ndiyo. Hili ndilo swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu jibu lina pande mbili.

Kumfukuza mpwa aliyefika na watoto usiku si jambo linalowezekana katika familia za Kiaborijini, kama lisivyowezekana kwetu. Basi wapangaji hunyamaza, wakiogopa kodi kupanda au kuambiwa wamevunja mkataba. Matokeo yake, kwenye karatasi nyumba ina watu wanne, kumbe ina kumi. Siku mpangaji anapoomba kuhamishiwa nyumba kubwa kwa sababu ya msongamano, ofisi inatazama karatasi na kusema hakuna msongamano. Mfumo wa maji taka unaziba kila mwezi kwa sababu unatumiwa na watu kumi, naye anaambiwa ameuharibu.

Ushauri wetu ni kuripoti, lakini kwa mpango. Andika ombi la mwanakaya wa ziada na ombi la kuhamishwa pamoja, siku moja, ili msongamano uingie kwenye kumbukumbu kama hitaji na si kama kosa. Hao ndugu nao wajaze ombi lao la nyumba. Kulala sebuleni kwako ni kukosa makazi, nao wanaweza kustahili kipaumbele. Kama wamekuja kwa msiba au matibabu, sema hivyo na utaje tarehe ya kuondoka.

15. Msongamano unapimwaje?

Australia hutumia kipimo kilichotoka Kanada. Wasizidi watu wawili kwa chumba. Wenzi wana chumba chao. Mtu mzima wa miaka 18 au zaidi asiye na mwenzi ana chake. Watoto wa jinsia moja walio chini ya miaka 18 wanaweza kushiriki. Wa jinsia tofauti wanaweza kushiriki wakiwa chini ya miaka 5 tu.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu. Ndani yumo bibi, binti yake na mumewe, kijana wa miaka 19, mvulana wa 12, msichana wa 9 na mvulana wa 4. Bibi chumba kimoja, wenzi kimoja, kijana kimoja, wavulana wawili kimoja, msichana kimoja: vitano. Vimepungua viwili, kwa hiyo kuna msongamano. Wakija mke na mume wengine na kijana wa miaka 22, vinahitajika saba, vinapungua vinne, na sasa kaya nzima inaingia kwenye hesabu ya sensa ya wasio na makazi. Fanya hesabu hii kwenye barua yako, jina kwa jina. Usiandike tu "tumebanana".

Kipimo hicho hakijui mila. Hakijui kwamba kuna jamii ambako mkwe na mama mkwe hawapaswi kukutana ana kwa ana, hivyo nyumba yenye korido moja tayari ni ndogo. Hilo liandike kando.

Lengo la kitaifa lililokubaliwa 2020 ni kwamba ifikapo 2031 asilimia 88 ya Waaborijini na Watu wa Torres Strait wawe kwenye nyumba zisizosongamana. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 81.4.

16. Ofisi inasema tumeharibu nyumba wenyewe. Tujibuje?

Jibu kwa ushahidi. Shirika la Healthabitat, lenye mizizi katika nchi ya Waaborijini wa Anangu, Australia Kusini, miaka ya 1980, limekagua na kurekebisha maelfu ya nyumba za Waaborijini. Walichokikuta ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro ilitokana na kutofanyiwa matengenezo ya kawaida, ikifuatiwa na ujenzi mbovu tangu mwanzo. Uharibifu wa wapangaji ulikuwa chini ya sehemu moja ya kumi.

Utaratibu wao wa kukagua unafaa kuigwa, kwa sababu unaanza na umeme salama kisha unafuata afya ya mtoto: je, kuna bafu la kumwogesha mtoto mdogo, lenye maji ya moto na bomba linalotoa maji? Je, nguo na matandiko vinafulika? Maji machafu yanatoka? Kuna mahali pa kuhifadhi na kupika chakula? Picha ya kila jibu la "hapana" ina thamani kuliko malalamiko ya jumla.

17. Nimeripoti bomba mara tano. Nifanye nini?

Piga simu na uchukue namba ya kumbukumbu. Bila namba, kwa ofisi hukupiga. Tuma ujumbe wa maandishi ukirudia namba hiyo. Piga picha zenye tarehe. Choo kilichoziba, bomba lililopasuka, gesi inayovuja, umeme hatari na maji ya moto yaliyokatika ni matengenezo ya dharura, tumia neno hilo. Kama hawaji, fungua shauri NCAT, baraza la New South Wales linaloamua migogoro ya upangaji, kuomba amri ya matengenezo, kodi ipunguzwe, na fidia. Usichelewe: kwa kuvunjwa kwa mkataba huhesabiwa miezi 3 tangu ulipojua.

Usiache kulipa kodi ili kuwashinikiza. Hapo utawapa wao kesi.

Kwamba wapangaji wanaweza kushinda, tazama Ltyentye Apurte, yaani Santa Teresa, karibu na Alice Springs. Kaya 70 zilifungua madai 2016. Mpangaji mmoja alikuwa amekaa miezi 68 bila mlango wa nyuma. Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba fidia inaweza kutolewa kwa usumbufu wa moyo unaotokana na mwenye nyumba kuvunja wajibu wake, bila kuhitaji kuonyesha kwamba ulitokana na usumbufu wa kimwili.

18. Nimepata notisi ya kuhama kwa ajili ya deni.

Notisi si amri ya kutoka. New South Wales inaweza kutolewa kodi ikichelewa siku 14, na lazima ikupe angalau siku 14 nyingine. Ukilipa deni lote, au ukakubaliana mpango wa kulipa na kuufuata, kwa kawaida hutolewi, isipokuwa kama umekuwa na tabia ya kuchelewa mara kwa mara. Ni NCAT pekee inayoamuru uondoke, na maofisa wa sheriff, yaani watekelezaji wa amri za mahakama, pekee wanaotekeleza. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli mwenyewe amevunja sheria.

Hudhuria kikao, hata kwa simu. Kesi nyingi hupotea kwa kiti kitupu. Kabla ya siku hiyo kagua mambo mawili: je, deni ni la kweli au ni ruzuku iliyofutwa (swali la 12)? Je, malipo yaliyokuwa yakikatwa Centrelink yalisimama kwa sababu Centrelink yenyewe ilisimamisha posho?

## Hali ngumu

19. Kumetokea msiba na familia haiwezi kulala nyumba ile. Au mpangaji mwenyewe amefariki na wajukuu wamo ndani.

Katika jamii nyingi nyumba aliyofia mtu huachwa kwa muda, husafishwa kwa moshi, na jina la marehemu halitajwi. Ofisi isipoambiwa huiona nyumba tupu na kuanza utaratibu wa nyumba iliyotelekezwa. Tuma taarifa ya kutokuwepo, hata ya mistari miwili, na endelea kulipa. Unapomtafsiria mfiwa, uliza kwanza marehemu atajwe vipi.

Mkataba haurithiwi wenyewe. Mwenzi ana nafasi nzuri. Mjukuu mzima au mlezi wa watoto anaweza kuomba atambuliwe kama mpangaji, lakini lazima awe alikuwa ameandikwa kama mwanakaya. Hapa ndipo ukimya wa swali la 14 unapouma: aliyeishi humo miaka tisa bila kuripotiwa huonekana mvamizi.

20. Mpangaji yuko jela, hospitalini, au amekimbia kipigo.

Kwa jela na hospitali, omba ruhusa ya kutokuwepo na kodi ndogo ya muda, mapema. Ruhusa ina kikomo. Aliyekimbia kipigo New South Wales anaweza kuvunja mkataba mara moja bila adhabu akiwa na ushahidi unaotakiwa, na hawajibiki kwa uharibifu uliofanywa na aliyempiga. Madai ya milango na kuta zilizovunjwa yapingwe kwa msingi huo.

21. Nikihamia jimbo jingine, miaka yangu ya foleni inahamia nami? Na vijijini mbali mambo yakoje?

Hapana, unaanza upya.

Northern Territory, nyingi ya nyumba za vijijini zimejengwa juu ya ardhi ya Waaborijini ambayo serikali imeikodi, mara nyingi kwa miaka 40. Wenye ardhi ni ukoo, mwenye nyumba ni serikali. Kwa hiyo jamii inaweza kumiliki ardhi kisheria na bado isiwe na mamlaka ya kubadilisha hata bomba. Mwaka 2024 serikali mbili, ya kitaifa na ya eneo hilo, zilitangaza dola bilioni 4 kwa miaka 10 na hadi nyumba 2,700. Makazi madogo ya ukoo yaliyo nje ya vijiji vikubwa yana utaratibu wake, na mkazi wa huko asidhani anahesabiwa kuwa mpangaji wa umma. Aanze kwa kuuliza kama ana mkataba wowote.

22. Nani anasaidia bure?

New South Wales kuna huduma za ushauri kwa wapangaji Waaborijini, Aboriginal Tenants Advice and Advocacy Services, zilizogawanywa kwa maeneo. Murra Mia, kwa mfano, hushughulikia kusini. Mkalimani wa Kiswahili hupatikana kwa simu 131 450, na Northern Territory ina huduma ya ukalimani wa lugha za Kiaborijini.

23. Mteja wangu anajibu "ndiyo" kwa kila swali la afisa. Anaelewa?

Huenda haelewi, au anaelewa na hakubali. Kumjibu mwenye mamlaka "ndiyo" ili mazungumzo yaishe salama ni jambo linalojulikana sana mahakamani Australia kuhusu mashahidi Waaborijini. Ukimya nao si kukiri, ni kufikiri. Badilisha maswali ya ndiyo na hapana: badala ya "Umeelewa kwamba lazima uripoti wageni?" uliza "Dada yako akija kukaa miezi miwili, utamwambia nani?" Jibu lake ndilo litakuonyesha kama mkataba alioshika umeelezwa au umesomwa tu.